Kilemba na Kilemba cha Ukoka: Lugha ya Kutawaza katika Mwambao wa Waswahili



1. Utangulizi

Ninashukuru kwa heshima niliyopewa ya kutoa mhadhara huu. Miaka arobaini na kitu iliyopita, nilipokuwa mwanafunzi wa isimu, niliandika katika insha yangu ya kwanza ya etimolojia kwamba kitenzi tawaza kimetokana na neno taji. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Mfalme huvishwa taji, na katika Kiarabu kimo kitenzi tawwaja chenye maana ya kuvisha taji. Basi, nilisema, tawaza haliwezi kuwa jingine ila hilo. Mwalimu wangu hakunikemea. Aliandika pembeni mwa ukurasa maneno matatu tu: "Na laza je?"

Ilinichukua siku kadhaa kulielewa swali hilo, na miaka mingi zaidi kutambua kwamba halikuwa swali la sarufi peke yake. Lilikuwa pia swali la historia. Anayesema kwamba kutawaza ni kuvisha taji anaamini kwamba ufalme umo katika chombo: mwenye taji ndiye mfalme, na mwenye kulitoa taji ndiye mwenye kumfanya mtu mfalme. Lugha yetu, kama nitakavyojaribu kuonyesha, haisemi hivyo. Inasema kwamba mtu hutawala kwa sababu kuna watu waliomfanya atawale.

Swali la mhadhara huu, basi, ni moja: mtu anapotawazwa, ni nani anayemtawaza? Nitalijibu kwanza kwa kuyachunguza maneno tunayoyatumia, kisha kwa kuitazama ala moja ya enzi, yaani siwa, na mwisho kwa kuyapitia matukio mawili ya historia, moja la Kilwa na jingine la Unguja, ambamo jibu la swali hilo liligharimu maisha ya watu.

2. Kitenzi tawaza

Tuanze na swali la mwalimu wangu. Kiswahili kina kitenzi lala, na kauli yake ya kusababisha ni laza. Sauti l inapokutana na kiambishi cha kale cha kusababisha hugeuka kuwa z. Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyotupatia ingiza kutokana na ingia, punguza kutokana na pungua, na poza kutokana na poa, ingawa katika vitenzi hivi vya mwisho l ya asili imekwisha kudondoka na imebaki z peke yake kuwa shahidi. Sasa tukiweka tawala kando ya lala, tawaza linajipanga lenyewe kando ya laza. Kutawaza ni kumfanya mtu atawale, kama vile kulaza ni kumfanya mtu alale.

Tawala lenyewe ni neno la mkopo. Asili yake ni Kiarabu tawallā, kushika madaraka au kusimamia jambo. Lakini tazameni jinsi Kiswahili kilivyolipokea. Vitenzi vingi vya mkopo hukataa kanuni za kale za Kibantu na hutumia kiambishi kipya zaidi: kutokana na safiri tunapata safirisha, kutokana na badili tunapata badilisha, kutokana na rudi tunapata rudisha. Hatusemi badiza. Tawala, kinyume chake, limeingia ndani ya nyumba na kufuata desturi za wenyeji mpaka konsonanti yake ikabadilika. Irabu yake ya mwisho, a, bila shaka ililisaidia. Hata hivyo, neno lisiloguswa kila siku na vinywa vya watu haligeuki kwa namna hii. Yaelekea watu wa mwambao walikuwa wakizungumza juu ya kumfanya mtu atawale kwa muda mrefu na kwa mazoea, wakalifinyanga neno la kigeni kwa udongo wao.

Ama hoja yangu ya ujana kuhusu tawwaja, huangushwa na sauti moja. Konsonanti j ya Kiarabu hubaki j katika Kiswahili: jamaa, haja, hoja, na taji lenyewe. Tawwaja ingetupa tawaja, si tawaza.

Inafaa pia kuondoa utata wa pili. Lipo tawaza jingine lenye maana ya kujisafisha kwa maji. Hili ni ndugu wa tawadha, na z yake inatokana na dh, kama inavyosikika kwa wasemaji wanaosema Ramazani badala ya Ramadhani. Wapo waliojaribu kuyaunganisha maneno haya mawili kwa kusema kwamba mtawala hutakaswa kabla ya kukalia kiti. Fikra hiyo inavutia, na huenda masikio ya baadhi ya wasemaji yamekuwa yakiyasikia maneno hayo kama jamaa. Kiasili, hata hivyo, kila moja lina mlango wake wa kuingilia.

Kutokana na uchambuzi huu tunapata jambo la msingi. Kitenzi cha kusababisha hudai watu wawili: msababishaji na msababishiwa. Mtu hulala mwenyewe, lakini halazwi ila na mwingine. Vivyo hivyo, mtu aweza kutawala peke yake, lakini hawezi kutawazwa ila na mwingine. Sarufi imeacha nafasi wazi mbele ya kitenzi na inasubiri jina la mtendaji.

3. Maneno jirani: simika, twika na kilemba

Tawaza halisimami peke yake. Katika maandishi na masimulizi ya mwambao na bara, mtawala husimikwa vilevile. Simika lina shina moja na simama, na kazi yake ya kila siku ni ya ujenzi: tunasimika nguzo na tunasimika mlingoti. Nguzo haijisimiki. Huchimbiwa shimo, huinuliwa kwa mikono ya wengi, na hushindiliwa udongo na wale wale watakaoishi chini ya paa litakalobebwa nayo.

Lugha jirani zinatoa ushahidi unaofanana na huu. Katika Kiganda, kumtawaza Kabaka ni okutikkira, kitenzi kinachotokana na okutikka, kupakia mzigo, na ambacho kinatukumbusha twika la Kiswahili. Neno lake la sherehe, amatikkira, ndilo hilo hilo linalotumika kwa mahafali ya chuo kikuu. Kila aliyewahi kuona mtu akichukua mtungi uliojaa kisimani anajua kwamba mzigo wa kichwani humtaka mwingine wa kuutwika. Tarehe 31 Julai 1993, Ronald Muwenda Mutebi II alipotawazwa huko Naggalabi, Buddo, baada ya ufalme wa Buganda kufutwa kwa katiba ya mwaka 1967, lugha ya Waganda haikusema tu kwamba amepata heshima. Ilisema pia kwamba ametwishwa. Hapa Waswahili wana methali yao, ukubwa ni jaa: mkubwa hutupiwa kila takataka, naye hana budi kupokea.

Neno la tatu ni kilemba. Katika miji mingi ya mwambao, alama ya kichwani ya mtawala ilikuwa kitambaa kilichofungwa, si taji la dhahabu. Lakini kilemba kina maana nyingine ambayo wanafunzi wa leo huiona kama ajali ya kamusi: ni malipo ya heshima apewayo fundi na mwanagenzi aliyehitimu, au apewayo mzee wa upande wa bibi harusi. Hii si ajali. Heshima ya kichwani na ada inayolipwa kwa wanaoidhinisha zilikwenda pamoja. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kinaonyesha namna cheo cha jumbe katika Mrima kilivyofungamana na ada na karamu. Kuzaliwa katika ukoo ufaao hakukutosha. Mtaka cheo alipaswa kuwalipa wenye vyeo na kuwalisha watu, na kwa kula kwao karamu watu hao wakawa mashahidi wake.

Basi si ajabu kwamba lugha iliyotupatia kilemba imetupatia pia kilemba cha ukoka. Leo tunalitumia fumbo hili kwa sifa za uongo: umemvika mwenzako kilemba cha majani, akajiona mkubwa. Lakini fumbo haliwezi kuwa na ukali huo ila katika jamii inayojua kwamba kilemba cha kweli kina wenye kukitoa, na kwamba umbo la heshima laweza kuwepo bila ya heshima yenyewe. Naomba mlikumbuke fumbo hili tutakapofika Kilwa.

4. Siwa: sauti iliyomtangaza mtawala

Macho huona kilemba, lakini mji mzima hauwezi kukiona kwa wakati mmoja. Mji mzima husikia. Kwa hiyo ala za sauti zilikuwa na nafasi ya kwanza katika enzi za mwambao. Ibn Battuta, aliyezuru pwani yetu mwaka 1331, anaeleza jinsi mtawala wa Mogadishu alivyotoka msikitini chini ya vivuli vinne vya hariri vyenye sanamu za ndege wa dhahabu, huku ngoma na baragumu zikimtangulia. Mwaka 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipotia nanga Malindi, mwandishi wa kumbukumbu za safari hiyo aliona katika msafara wa mfalme pembe mbili za ndovu zilizochongwa vizuri, kila moja ikikaribia kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Mswahili yeyote wa Lamu akisoma maelezo hayo atasema bila kusita: hizo ni siwa.

Siwa mbili mashuhuri zimehifadhiwa hata leo: ya Pate, ya pembe ya ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili, na ya Lamu, ya shaba. Thamani yake haikuwa ya ufundi peke yake. Siwa ilikuwa mali ya mji na alama ya haki ya kutawala. Kuipuliza kulikuwa sawa na kutamka hadharani kwamba jambo hili, na mtu huyu, ni halali.

Ndiyo maana kisa cha Mwana Darini, kilichomo katika Habari za Pate, kinastahili kusomwa na kila mwanafunzi wa historia yetu. Mwana Darini, mwanamke wa nyumba ya kifalme, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya tohara. Akaomba siwa, akanyimwa. Sultani naye alikuwa na sherehe yake, na kumpa mwanamke huyu siwa kungekuwa kukiri mbele ya mji kwamba mwanawe naye ni mwenye haki ya enzi. Mwana Darini hakunyamaza wala hakufanya sherehe ya kimya. Alimwendea fundi, Mwenyi Bayayi, naye akamchongea siwa nyingine ya pembe ya ndovu.

Kisa hiki chaweza kusomwa kama ugomvi wa ndugu, lakini mimi hukiona ni hoja ya kisiasa iliyotolewa kwa ala ya muziki. Sultani alisema: siwa ni moja, nami ndiye mwenyewe. Mwana Darini alijibu: siwa ni sauti, na sauti huthibitishwa na wanaoisikia. Kama watu wa Pate wangeicheka siwa mpya, ingebaki pembe iliyotobolewa. Kama wangeiitikia, ingekuwa siwa. Aliyekuwa na neno la mwisho hakuwa sultani wala fundi. Ulikuwa mji.

Hapa sina budi kutoa tahadhari. Nisemapo "mji" sisemi watu wote kwa usawa. Wenye haki ya kuitwa katika mashauri walikuwa waungwana, na miongoni mwa waliopiga ngoma, kubeba vyakula na kufagia uwanja baada ya karamu walikuwamo watumwa wasioulizwa neno. Jonathon Glassman, katika utafiti wake juu ya Pangani na Mrima uliotolewa mwaka 1995, ameonyesha kwamba karamu zenyewe zilikuwa uwanja wa mapambano: watumwa, wageni wa bara na maskini wa mjini walijipenyeza humo ili wadai nafasi katika jamii iliyowaweka pembeni. Kwa hiyo sidai kwamba desturi za kutawaza zilikuwa demokrasia. Ninadai jambo dogo zaidi, lakini la hakika: zilikuwa desturi ambazo hazikuweza kukamilika bila ya watu kuwepo, na kwa sababu hiyo waliokuwepo walikuwa na kitu cha kudai.

Fikra hii ni kongwe. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari yetu mwanzoni mwa karne ya 10, anaandika kwamba Wazanji walimwita mfalme wao kwa neno ambalo wataalamu wengi wanalisoma kuwa wafalme, ingawa hati zinatofautiana katika herufi zake. Anaongeza kwamba mfalme akidhulumu na kuacha haki, watu humwua na kukizuia kizazi chake kisirithi, kwa kuwa kwa dhuluma yake amekoma kuwa mfalme. Tunaweza kubishana juu ya usomaji wa neno. Maana ya maelezo ni wazi: waliompa ndio walioweza kumvua.

5. Taji la Kilwa na mizinga ya Unguja

Sasa tufike Kilwa. Mwezi Julai 1505, Francisco de Almeida alifika na merikebu zake, akauteka mji na kuupora. Mtawala wake, Amiri Ibrahim, alikimbia. Wareno walihitaji mtu wa kuweka mahali pake, wakamchagua Muhammad Ankoni, mtu mashuhuri mjini lakini asiye wa nyumba ya kifalme. Walimvisha taji la dhahabu ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake wala kwa ajili ya Kilwa: lilikuwa njiani kupelekwa India, kwa mfalme wa Cochin.

Fahari haikukosekana katika sherehe hiyo. Taji lilikuwa dhahabu halisi, na tangazo lilitolewa. Tukirejea kwenye sarufi yetu, nafasi ya mtendaji ilikuwa imejazwa, lakini aliyeijaza alikuwa amiri wa merikebu. Anayestahili kusikilizwa zaidi ni Ankoni mwenyewe. Waandishi wa Kireno wanasimulia kwamba aliomba urithi wa kiti usiende kwa wanawe, bali kwa mwana wa Sultani Fudhail, mtawala wa zamani aliyekuwa ameuawa. Huyu ni mtu aliyevikwa dhahabu huku akijua kwamba, kwa hesabu ya watu wake, kilichomo kichwani mwake ni ukoka. Mwaka 1506 aliuawa na wapinzani wake. Sidai kwamba taji ndilo lililomwua. Uhasama wa koo na biashara ulikuwa na sababu zake. Ninachosema ni kwamba taji halikuweza kumlinda. Baada yake Kilwa iligawanyika, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao huko na kuondoka.

Tukio la pili ni la Unguja, karibu miaka 400 baadaye. Lakini kabla ya kulieleza, nikumbushe kwamba kisiwa hicho kilikuwa na enzi ya wenyeji, ya Mwinyi Mkuu, kabla na hata wakati wa utawala wa Maseyidi kutoka Omani. Cheo chenyewe kinatokana na -enye, yaani mwenye, na kwa maana hiyo ni mwenye mkubwa, mwenye mji. Muhammad bin Ahmad, aliyekaa Dunga, alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmad alifariki mwaka 1873, na hakutawazwa mwingine baada yake. Ngoma na siwa za Dunga zikaishia katika jumba la makumbusho mjini.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Waingereza, ambao tangu mwaka 1890 walikuwa wameifanya Zanzibar nchi ya himaya, walisema kwamba hakuna awezaye kukalia kiti bila ya idhini yao. Khalid alikataa kutoka. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti, saa tatu, manowari za Kiingereza zilianza kulipiga jumba kwa mizinga. Haikupita saa moja, mapigano yakaisha. Watu wapatao 500 walikuwa wamekufa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, na siku hiyo hiyo Hamoud bin Mohammed akawekwa katika kiti.

Vitabu vingi vya shule hulieleza tukio hili kwa sentensi moja: Hamoud alitawazwa mwaka 1896. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini kihistoria ni ya hatari. Kauli ya kutendwa huturuhusu kumficha mtendaji, na katika sentensi hii mtendaji aliyefichwa ni mizinga. Wala tusimtakase Khalid. Kujitangaza ni kujitawaza, na kujitawaza ni neno ambalo Kiswahili hulistahimili kwa shida, kama vile mtu kujitwika mtungi uliojaa. Kati ya aliyejitawaza na aliyetawazwa na manowari, watu wa Unguja waliachiwa kazi ya kuzika maiti.

6. Sherehe zilikwenda wapi?

Baada ya hapo enzi za mwambao na za bara zilififia moja baada ya nyingine. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu mwaka 1963, na usultani wa Zanzibar uliondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Je, desturi za kutawaza zilikufa pamoja na watawala? Jibu langu ni kwamba zilihama.

Zilihamia kwanza arusini. Katika Lamu, siwa iliendelea kusikika katika harusi za waungwana hata pale ambapo hapakuwa na mtawala wa kumtangaza. Viti vya enzi, vile vya mpingo vilivyotiwa njumu za pembe na kufumwa kwa uzi, vilikaa katika nyumba za watu wakubwa vikingoja mgeni wa heshima au bwana harusi. Kwa siku saba za fungate, kijana ambaye jana alikuwa akitumwa dukani hutumikiwa kama mwenye enzi. Mji uliokosa mfalme ulibaki na ujuzi wa kumfanya mtu mfalme, na ujuzi huo ukawagawia vijana wake, kila mmoja kwa zamu yake.

Zilihamia pia katika ngoma. Vyama vya beni vilivyoenea katika pwani tangu miaka ya 1890, kama vile Kingi na Scotchi vya Mombasa na baadaye Marini na Arinoti, vilikuwa na wafalme wao, majemadari wao na safu za vyeo vya Kizungu. Watawala wa kikoloni mara waliwacheka, mara waliwashuku. Lakini mtu anayekumbuka karamu za majumbe ataona kitu cha kale ndani ya mavazi mapya: kundi linamchagua mkubwa wake, linamvika, linamlipia na kumdai karamu, kisha linashindana na kundi la jirani kwa sauti na fahari. Watu waliopokonywa nafasi ya kumtawaza mtawala wa kweli waliitunza nafasi hiyo uwanjani.

Na zilihamia, mwisho, katika lugha ya magazeti. Leo rais huapishwa. Kitenzi ni kipya kwa matumizi hayo, nacho kinastahili, kwa kuwa kinamweka chini ya sheria. Kwa hiyo tawaza limebaki bila kazi ya serikali, na limechukuliwa na wanamichezo na warembo. Timu hutawazwa bingwa, na mrembo hutawazwa mbele ya kamera. Wenzangu wengine huyalalamikia matumizi haya wakisema ni kuporomoka kwa neno. Mimi siyalalamikii. Timu haijitawazi: kuna waamuzi, wapinzani na watazamaji. Mantiki ya kitenzi ingali hai. Ninachokihofia ni kingine, nacho ndicho nitakachomalizia.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba tawaza si kuvisha taji bali ni kumfanya mtu atawale, na kwamba maneno jirani, simika, twika na kilemba, yanakubaliana nalo katika kudai mtendaji aliye nje ya mtawala. Pili, kwamba sherehe za mwambao, kwa siwa zake na karamu zake, ziliifanya kanuni hiyo ya sarufi ionekane na isikike, pamoja na udhalimu wote uliokuwemo ndani yake. Tatu, kwamba pale ambapo nguvu ya nje ilijaza nafasi ya mtendaji, kama Kilwa mwaka 1505 na Unguja mwaka 1896, fahari ilibaki ile ile lakini maana ilibadilika.

Ninachokihofia ni historia iliyoandikwa kwa kauli ya kutendwa. Tumezoea kusoma, na kwa bahati mbaya kuandika, kwamba fulani alitawazwa, fulani aliondolewa, ufalme ulifutwa, siwa ilihifadhiwa. Na nani? Mara nyingi hatuulizi. Nawaomba wanafunzi waliopo hapa wafanye zoezi dogo. Kila mkutanapo na neno alitawazwa katika hati au katika simulizi, ongezeni na, kisha mtafute jina la kuliweka baada yake. Wakati mwingine mtapata wazee wa mji. Wakati mwingine mtapata mwanamke aliyenyimwa siwa akachongesha yake. Wakati mwingine mtapata amiri wa merikebu aliyekuwa na taji la mtu mwingine katika shehena. Palipo na majina hayo ndipo historia inapoanza.

Ama mimi, insha ile ya ujana bado ninayo, pamoja na maneno yale matatu pembeni. Mwalimu aliniuliza juu ya konsonanti moja. Nimechukua muda mrefu kumjibu, na hili ndilo jibu langu.